Keja Inaweza Kukuzeesha Mbio! Hii Ndio Sayansi ya Nyumba na Mwili Wako

Ukienda kutafuta keja Nairobi, maswali ni yale yale. Kodi ni ngapi? Maji iko? Stima ni tokeni ama mnagawana? Deposit ni ya mwezi mmoja ama miwili? Ukijibiwa vizuri unalipa, unaita jamaa wa mkokoteni, unahama. Swali moja hakuna mtu huuliza: hii nyumba itaufanyia nini mwili wangu?

Kuna maprofesa wamekuwa wakiuliza hilo swali kwa miaka mingi. Wengine wanasoma afya, wengine uzee, wengine ujenzi. Ukikusanya majibu yao unapata kitu kimoja: pale unapolala panaweza kukuzeesha mbio, ama pakakuepushia magonjwa. Na poa ni kwamba vitu vinavyosaidia zaidi si vya watu wa Runda pekee. Ni dirisha linalofunguka, kivuli, dari na reli ya kushika bafuni.

Mimi sikumaliza chuo, lakini kusoma nasoma. Twende polepole.

Umri wa kitambulisho na umri wa damu

Kwanza uelewe hii, juu bila hii mengine hayataingia.

Una umri wa aina mbili. Wa kwanza ni ule wa kitambulisho, unaohesabu tangu siku uliyozaliwa. Huo hauna ujanja. Wa pili ni umri wa mwili wenyewe, yaani vile mashine yako imechakaa. Ndio maana unaweza kupata watu wawili wa miaka 50, mmoja anapanda ngazi hadi ghorofa ya tano akipiga stori, mwingine anapumzika kila ngazi ya tatu.

Wanasayansi wanaupima huo umri wa pili kwa damu. DNA yako haibadiliki, lakini juu yake kuna vialama vidogo vya kemikali vinavyosaidia kuamua jeni gani ifanye kazi na gani ilale. Kadiri unavyozeeka, mpangilio wa hivyo vialama unabadilika. Msongo wa mawazo, sigara, hewa chafu, yote yanaacha alama hapo. Kompyuta ikisoma mpangilio, inakadiria mwili wako unazeeka kwa kasi gani.

Sasa skiza hii. Mwaka wa 2023, watafiti wa vyuo vikuu vya Adelaide huko Australia na Essex huko Uingereza walichukua data ya watu 1,420 wa Uingereza, wakalinganisha damu zao na aina ya nyumba wanazoishi. Wale wanaokodi kwa landilodi wa kibinafsi walikuwa wanazeeka kwa kasi kuliko wale wanaomiliki nyumba na hawana mkopo. Na tofauti haikuwa ndogo. Ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kukosa kazi ukilinganisha na mtu aliye kazini. Pia ilishinda kwa nusu ile ya mtu aliyewahi kuvuta sigara ukilinganisha na asiyewahi.

Kabla umpigie mathee simu ukilia, ngoja. Wapangaji wa nyumba za umma huko Uingereza, zile za kodi ya chini na ambazo si rahisi kufukuzwa, hawakuonyesha tofauti na wenye nyumba zao. Kwa hivyo si ati kukodi kwenyewe ni ugonjwa. Watafiti wanashuku ni ile hali inayokuja nako: kodi kupanda vile mtu anataka, kudaiwa mara kwa mara, kutojua kama mwezi ujao utakuwa hapo. Halafu walisema kitu cha kutia moyo, kwamba hiyo kasi inaweza kurudishwa nyuma hali ikibadilika.

Huo utafiti ni wa Uingereza, si wa Umoja wala Kayole, na unaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja bila kuthibitisha kimoja kinasababisha kingine. Lakini kama umewahi kukaa tarehe nne ukiskiza viatu vya keyateka kwa korido, unajua vile moyo hufanya.

Mabati, jua na damu yako

Kodi ni moja. Joto ni lingine.

Mwezi wa pili 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa matokeo ya watu zaidi ya 3,600 wa Marekani, wote wa miaka 56 kwenda juu. Walilinganisha damu yao na joto la mahali wanapoishi. Wale wa maeneo yenye joto kali karibu nusu ya mwaka, miili yao ilikuwa imezeeka hadi miezi 14 zaidi ya wale wa maeneo yenye siku chini ya 10 za joto hilo. Na hiyo ni baada ya kuzingatia pesa, masomo, mazoezi, pombe na sigara. Yaani wewe unakunywa maji, unafanya jogging, lakini jua linakuhesabia yake.

Utasema Nairobi si Arizona. Ni kweli, lakini inategemea uko Nairobi gani. Watafiti wa Johns Hopkins waliweka vipima joto Kibera, Mathare na Mukuru, wakalinganisha na kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti, ambacho kiko mahali penye nyasi na miti. Mtaani kulikuwa na joto zaidi kwa digrii kadhaa. Kwa hivyo ile joto unaskia kwa taarifa ya habari jioni, ni ya Dagoretti. Yako haijasomwa.

Sababu si uchawi. Mitaa hii haina miti, nyumba zimebanana hadi upepo unakosa njia, na paa ni mabati. Bati ni jembamba. Jua likipiga linapata moto mbio, na bila dari katikati, ule moto unashuka moja kwa moja kichwani. Usiku ni kinyume, bati linapoa mbio vile vile, na ndio maana mwezi wa saba unalala na soksi na hoodie. Nyumba moja inakuchoma mchana na kukugandisha usiku.

Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wazee. Ukizeeka, mwili unatoa jasho kidogo, hauskii kiu vizuri, na moyo unapata kazi ngumu kujipoza. Ufaransa ilijifunza hii vibaya mwaka wa 2003. Joto la mwezi wa nane liliua watu karibu 15,000, wengi wao wazee. Watafiti walipofuatilia nyumba za waliokufa, wakakuta kulala chumba kilicho chini kabisa ya paa, na nyumba isiyo na kizuizi cha joto kwa ukuta na paa, kuliongeza hatari. Paris, jiji la wenye pesa, na kilichomaliza watu ni paa.

Dawa yake nayo ni rahisi. Ahmedabad, jiji la India lililopigwa na joto kali mwaka wa 2010, walianza mpango wa kupambana na joto mwaka wa 2013, na baadaye wakaanza kupaka paa za mitaa ya mabanda rangi nyeupe. Nyeupe inarudisha mwanga wa jua badala ya kuumeza. Ni brashi, rangi na mtu wa kupanda juu.

Dirisha ni dawa, na si maneno ya shosho tu

Shosho amekuwa akisema fungua madirisha hewa iingie. Shosho alikuwa sawa.

Mwaka wa 2007 kuna utafiti ulitoka Lima, Peru. Watafiti walipima hewa kwa vyumba 70 vya hospitali. Walitaka kujua hewa ya chumba inabadilishwa mara ngapi kwa saa, juu TB inasambaa kwa hewa. Kwa vyumba vyenye mashine ya kisasa ya kusukuma hewa, hewa ilikuwa inabadilishwa mara 12 kwa saa. Kwa vyumba vya kawaida, ukifungua tu madirisha na milango, mara 28. Na kwa majengo ya kitambo, yaliyojengwa kabla ya 1950, yenye dari ya juu na madirisha makubwa? Mara 40.

Halafu wakapiga hesabu: ukikaa saa 24 na wagonjwa wa TB ambao hawajaanza dawa, uwezekano wa kuambukizwa ni upi? Kwa chumba cha mashine, asilimia 39. Kwa jengo la kitambo lenye madirisha wazi, asilimia 11. Ile kitu ya bei ghali ilishindwa na dirisha.

Sasa fikiria zile ghorofa za huku kwetu ambapo dirisha la bedsita linaangalia ukuta wa jirani hatua moja mbele. Taa inawaka saa sita mchana. Landilodi anaita hilo dirisha. Hewa haiingii, haitoki, na TB bado iko Kenya, haijaenda mahali.

Jambo lingine la hewa, na hili si la kungoja uzee: jiko la makaa. Msimu wa baridi mtu anaingiza jiko ndani, anafunga mlango na dirisha, analala. Makaa yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inachukua nafasi ya oksijeni kwa damu. Wengine hawaamki. Kama jiko liko ndani, lazima hewa iwe na njia, na usilale nalo likiwaka hata kama baridi ni ya Limuru.

Zile doa nyeusi ukutani

Unazijua. Ziko kwa kona ya bafu, nyuma ya kabati, juu ya kitanda. Mwezi mmoja kabla ya mpangaji mpya kuja, fundi anapaka rangi juu yake na maisha yanaendelea.

Huo ni ukungu, na unatokea mahali penye unyevu usio na pa kwenda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuuhusu mwaka wa 2009, likiuhusisha na pumu, kukohoa na mapafu kusumbuka.

Mtu akikwambia ni rangi tu imechakaa, mwambie kuhusu Awaab Ishak. Alikuwa mtoto wa miaka miwili huko Rochdale, Uingereza. Fleti ya wazazi wake ilijaa ukungu, baba yake akalalamika, hakuna cha maana kilichofanywa. Awaab alifariki Desemba 2020, na mwaka wa 2022 uchunguzi rasmi ukasema kilichomuua ni kukaa na ule ukungu kwa muda mrefu. Ikabidi bunge litunge sheria ya kuwalazimisha wenye nyumba za umma warekebishe mambo kama hayo kwa muda uliowekwa. Watu wanaiita Sheria ya Awaab.

New Zealand nao waliamua kutongoja mtu afe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago walichukua nyumba 1,350 zilizokuwa baridi na zenye watu wa vifua vibovu, wakaziwekea kizuizi cha baridi kwa paa na sakafu. Kwa nyumba zilizotengenezwa, watu walipumua vizuri zaidi, watoto walikosa shule mara chache, na watu wazima walikosa kazi siku chache. Hakuna aliyepewa tembe. Walitengenezewa nyumba.

Shosho, bafu na zile tiles za kung'aa

Hapa ni pa wale wanaojenga ocha, ama wanaoota kujenga wakiomoka.

Kila msee akipata doo anataka kumjengea shosho nyumba ya maana. Nayo nyumba ya maana kwetu ni tiles zinazong'aa hadi unajiona uso. Shida ni kwamba tiles za kung'aa zikipata maji zinateleza kama sabuni, na mzee akianguka si kama wewe ukianguka. Mfupa wa nyonga ukivunjika, wengi hawarudi kutembea vile walikuwa. Kutoka hapo ni kitanda, kutoka kitanda ni mapafu na vidonda.

Wale wale wa Otago walijaribu kitu rahisi eneo la Taranaki. Waliingia kwa nyumba wakaweka reli za kushika kwa ngazi na bafu, taa za nje, na mikeka isiyoteleza. Matokeo yalitoka 2015: majeraha ya kuanguka nyumbani yanayohitaji matibabu yalipungua kwa asilimia 26. Hiyo ni kazi ya fundi mmoja na drili.

Kwa hivyo kabla ya ile dari ya gypsum yenye mataa ya bluu, mwekee shosho reli bafuni, tiles za kukwaruza, taa njia ya choo, na usimpandishe ngazi bila sababu.

Na mazingira je? Simiti ina pande mbili

Utafiti huu wa nyumba na afya unakutana na ule wa mazingira mahali pamoja, na hapo ndipo stori inakuwa tamu.

Simiti inachangia karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa ambayo binadamu wanatoa duniani. Sehemu ni mafuta ya kuwasha tanuru hadi nyuzi karibu 1,450. Sehemu kubwa zaidi ni lile jiwe la chokaa lenyewe, ambalo likichomwa linaachilia ukaa uliokuwa ndani yake. Na hiyo hewa ndiyo inaongeza joto duniani, lile lile linalokuzeesha chini ya bati.

Basi tuache simiti? Si rahisi hivyo. Mexico walikuwa na mpango wa kuweka sakafu ya simiti kwa nyumba za watu maskini zenye sakafu ya udongo, ulioanza jimbo la Coahuila mwaka wa 2000. Wachumi walipopima, wakakuta kwa nyumba iliyobadilishwa sakafu yote, minyoo ya watoto ilipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Akina mama wakasema wana furaha zaidi na msongo umepungua. Sakafu peke yake ilifanya hayo yote.

Kwa hivyo jibu ni kutumia simiti pale inaokoa mtu, na kuipunguza pale ni ya kujionyesha. Na njia ziko. Kuna yale matofali ya udongo yanayoshindiliwa na mashine, watu wa mjengo huyaita interlocking. Yanachanganywa simiti kidogo tu, hayachomwi kwa kuni, na yanashikana bila kumeza simiti nyingi katikati. Rwanda kuna watu wa EarthEnable wanaotengeneza sakafu ya udongo ulioshindiliwa na kupakwa mafuta yanayokauka yakawa magumu, unaweza kupiga deki kama kawaida.

Na kama unadhani ujenzi unaojali mazingira ni kitu ya wazungu, shuka Lamu. Mji wa kale una kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba vinavyotiana kivuli, na ua katikati ya nyumba wa kuvuta upepo. Watu wa Pwani walikuwa wanapoza nyumba bila stima karne nyingi kabla ya jengo la vioo linalohitaji AC mchana kutwa.

Ukiangalia vizuri, kile kinachosaidia mwili ndicho kinachosaidia mazingira. Dirisha kubwa, kivuli, mti, paa jeupe. Hakuna hata kimoja kinachokula stima.

Ukienda kutafuta keja, fanya hivi

1. Enda saa nane mchana, si jioni. Kama ni ghorofa ya juu kabisa ama mabati, kaa ndani dakika kumi. Hiyo joto ndiyo utalala nayo Januari na Februari.
2. Angalia juu. Kuna dari ama ni bati tupu?
3. Fungua madirisha yote. Lisilofunguka ni ukuta wenye kioo. Kukiwa na matundu ya hewa pande mbili zinazotazamana, hapo umeshinda.
4. Zima taa. Kama huoni simu yako mchana, hiyo ni pango.
5. Nusa na uguse kona za bafu na nyuma ya mlango. Rangi mbichi kwa kona moja tu, uliza kwa nini.
6. Panda ngazi ukishika reli. Haina reli wala taa? Mathee akija kukutembelea itakuwaje?
7. Uliza jirani, si keyateka. Jirani hana sababu ya kukudanganya.

Na kama tayari uko ndani na huna pesa ya kuhama, fungua madirisha asubuhi na usiku, funga pazia upande wa jua mchana, sogeza kitanda na kabati mbali na ukuta wenye unyevu, na muwe wapangaji watano mnapoenda kwa landilodi kuhusu rangi nyeupe ya paa. Mmoja anapuuzwa. Watano ni kodi ya watano.

Hii si stori ya landilodi peke yake

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Na tangu sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024, kama una payslip, asilimia 1.5 ya mshahara wako inakatwa kila mwezi, na mwajiri anaongeza 1.5 yake. Hiyo ni ganji yako iliyo kwa simiti.

Kwa hivyo una haki ya kuuliza zaidi ya ni nyumba ngapi zimejengwa. Uliza madirisha yanaangalia wapi. Uliza kama ghorofa ya juu ina kizuizi cha joto. Uliza kama mtu wa miaka 75 anaweza kufika mlangoni bila kubebwa. Wanaojenga leo wanaamua mapafu ya nani yatachoka mapema na nyonga ya nani itavunjika mwaka wa 2060, na mwaka wa 2060 huyo mzee ni wewe.

Haya, tuambie: keja yako ina madirisha mangapi yanayofunguka?